Tatu za Haraka, Moja Peke Yake

Ko-ko-ko. Kimya, kiasi cha mtu kumeza mate. Kisha: ko.

Sauti ilitoka upande wa ndani wa mlango, na hapo ndipo roho ilipomruka Waya. Mkono wake ulikuwa bado uko hewani. Yeye ndiye aliyegonga kwanza, kama alivyogonga Jumamosi zote tangu msiba, na Jumamosi zote mlango wa dada yake ulikuwa umekaa kimya. Akifika alikuwa anasikia cherehani ikinguruma ndani. Akigonga, cherehani inanyamaza. Anasubiri, anasubiri, kisha anageuka na kuondoka na aibu yake. Leo cherehani ilinyamaza vilevile. Lakini leo mlango ulimjibu, na haukumjibu kwa maneno. Ulimjibu kwa mpigo uleule alioupiga yeye: tatu za haraka, moja peke yake.

Kwa alivyojua Waya, mpigo huo ulikuwa wa watu wawili tu duniani. Mmoja alikuwa Waya. Wa pili walikuwa wamemzika.

Alikimbia. Mchana kweupe, jua la saa tisa likiwaka, mtu mzima mwenye ndevu alikimbia katikati ya barabara huku mguu wake wa kushoto ukiburuta. Mwanamke aliyekuwa anaanika nguo akasimama na shati mkononi kumwangalia. Hakuna aliyekuwa anamfukuza.

*

Waya na shemeji yake, mume wa dada, walikuwa mafundi wa lifti. Shemeji ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hiyo, na ndiye aliyempa jina, kwa sababu alikuwa mwembamba na, kama shemeji alivyopenda kusema, "ukimgusa vibaya anapiga shoti." Katika shimo la lifti maneno hayafiki. Ukipaza sauti, kuta zinairudisha imevunjikavunjika, na mwenzako aliye chini hajui kama umesema shuka au umesema simama. Kwa hiyo wale wawili walizungumza kwa spana juu ya reli. Tatu za haraka, moja peke yake: ni mimi, niko salama, wewe je? Mwenzako akijibu hivyohivyo, kazi inaendelea. Ukigonga huongezi neno. Unasubiri.

Siku ile shemeji alikuwa chini kabisa shimoni, na Waya alikuwa juu ya chumba cha lifti. Breki ziliachia. Waya alishuka nacho gizani mpaka kilipotua, na kilipotua mguu wake ulivunjika, na chini ya chumba kile kulikuwa na shemeji.

Aliita. Aliita mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyeitika. Kisha reli iliyokuwa karibu na sikio lake ikalia. Tatu, moja. Akapapasa spana, akajibu. Reli ikalia tena. Waliendelea hivyo mpaka watu wa uokoaji walipofungua mlango wa juu na mwanga ukaingia. Baadaye daktari alisema shemeji alifariki palepale chumba kilipotua. Hakuteseka, alisema. Hakupata hata muda wa kushtuka.

"Aligonga, dada," Waya alimwambia dada yake siku ya mazishi, akiwa kwenye magongo. "Alikuwa anagonga. Nilimjibu."

Dada yake alimwangalia kama mtu anayeangalia nyumba inayoungua. Akaingia ndani. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Simu za Waya hazikupokelewa, na mlango wa dada haukufunguka. Waya alijua maana yake: dada amemkata. Wazazi wao walishatangulia. Dada ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha hata kufunga vifungo vya shati. Asipokuwa na huyo, hana mtu.

Na kule kwake, kila akiingia bafuni jioni, bomba lililopita ukutani lilikuwa linagonga. Tatu, moja. Mwenye nyumba alisema ni hewa ndani ya maji. Hewa gani inayojua kuhesabu?

*

"Mimi si mgonjwa wa akili," ndilo neno la kwanza alilolisema alipoingia kwenye kikundi cha ushauri cha Alhamisi. Msimamizi wa karakana ya kazini kwake ndiye aliyemlazimisha, baada ya kumkuta amejifungia stoo kwa sababu mtu aliangusha nyundo.

"Hata mimi si mgonjwa," alisema jamaa mnene aliyekaa dirishani, dereva wa gari la wagonjwa ambaye wote walimwita King'ora. "Mimi nimefuata chai tu. Kaa, kijana."

Mshauri alicheka pamoja nao. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini isiyo na haraka, na alikuwa na utaratibu wake. Mlango wa chumba haukufungwa kamwe. Kila mtu alichagua kiti chake na upande wa kuangalia. Waya alichagua karibu na mlango, mgongo ukutani. Hakuna aliyeulizwa yaliyompata. "Hapa hatuanzi na kilichotokea," alisema. "Tunaanza na kilichopo. Kiti chako kikoje? Miguu iko wapi? Unasikia nini? Andika hayo. Yale mengine yakitaka kuja, yatakuja yenyewe, na yasipotaka, tutayaacha yapumzike."

Kulikuwa pia na kikundi cha Jumanne, watu ambao hawa wa Alhamisi hawakuwafahamu. Karatasi zilisafiri kati ya vikundi hivyo viwili, kwa ridhaa ya walioziandika. Mshauri alisoma kwa sauti yake, bila kutaja mwandishi, bila kuonyesha mwandiko, na aliyependa alijibu kwa karatasi nyingine. Hakuna aliyejua anamjibu nani. "Ukimwandikia usiyemjua," alisema Mshauri, "huna sababu ya kujipamba."

Waya aliona ni mchezo wa watoto. Aliandika kuhusu kiti, kuhusu dari iliyovuja, kuhusu kikombe chenye sikio lililovunjika. Aliandika kwa hasira, kalamu ikitoboa karatasi. Lakini aliandika, na alipokuwa anaandika mikono haikutetemeka. Jambo hilo hakumwambia mtu.

Alhamisi iliyofuata baada ya mbio zake, alifika ana macho mekundu.

"Umekimbizwa na nani?" King'ora akamtania.

Waya alivuta kiti chake, mgongo ukutani. Angejibu nini? Kwamba shemeji yake sasa anakaa ndani kwa dada, na anaitikia hodi?

Mshauri alichukua karatasi ya Jumanne, akaikunjua.

"Nimekaa," alisoma. "Kiti ni kigumu. Miguu iko sakafuni, nimevua viatu. Nje kuna pikipiki inayokataa kuwaka. Nyumbani kwangu kuna anayegonga mlango. Anagonga tatu za haraka, kisha moja peke yake. Namjua anayegonga hivyo. Huyo hawezi kuja."

Kwa hiyo, Waya aliwaza, si bombani kwake tu, wala si kwa dada tu. Anazunguka. Anapita nyumba hadi nyumba, anatafuta atakayemwitikia.

Mshauri aliendelea bila kubadilisha sauti. "Akigonga, miguu yangu inakuwa jiwe, na ulimi unakuwa jiwe. Siwezi kuuliza nani. Nakaa na kitambaa mkononi mpaka aondoke. Jumamosi nilichoka kuogopa. Nikasema, kama ni yeye, ni mume wangu, atanifanya nini? Nikaenda mlangoni nikamjibu kama alivyokuwa akinifundisha kwa mchezo. Nikasikia viatu vinakimbia. Viatu vizito, na kimoja kinaburuta. Nawauliza wenzangu wa Alhamisi: mfu anachechemea?"

King'ora alikohoa kwanza.

"Mimi wafu nimebeba mpaka mgongo umepinda," alisema. "Sijaona aliyekimbia. Angekimbia hata mmoja, kazi ningeacha siku hiyohiyo na funguo ningetupa."

Watu wawili watatu walicheka. Waya hakucheka. Alikuwa anaangalia kiatu chake cha kushoto: buti la kazi, ncha yake ya chuma imelika upande mmoja kwa kuburutwa. Alikiangalia kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza.

Hakuna aliyekuwa anazunguka. Hakuna aliyejificha kwa dada. Mzimu aliyekuwa anamtesa dada yake Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka miguu yake ikawa jiwe, alikuwa ni yeye.

Maana tangu lini Waya amegonga kwa dada? Maisha yake yote aliingia kwake kama upepo, akipiga kelele toka njiani: "Dada! Kuna chakula?" Ni shemeji aliyekuwa akigonga, kila jioni akitoka kazini, ili mkewe ajue amerudi salama. Baada ya msiba, Waya aliona aibu kuingia kwa kelele kwenye nyumba yenye huzuni. Akagonga kwa adabu. Na mkono wake haukujua mpigo mwingine. Ulikuwa umefundishwa mmoja tu. Ukagonga, kisha yeye akasubiri kimya, kama fundi anavyosubiri.

Alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Kifua kilimbana.

"Waya," alisema Mshauri, bila kumsogelea. "Mlango uko wazi, unaweza kutoka. Unaweza pia kukanyaga sakafu kwa nguvu, miguu yote miwili. Unaona nini mbele yako?"

"Kikombe."

"Kikoje?"

"Hakina sikio." Pumzi ilirudi kidogo. "Mshauri, huyo ni dada yangu. Ni mimi. Anayegonga ni mimi! Niache niende sasa hivi nikamwambie."

"Sijasema ni nani, na sitasema. Ila tufanye unamjua. Utakwenda, halafu utafanya nini ukifika mlangoni?"

Waya aliona mkono wake mwenyewe ukipanda, ngumi imekunjwa, tayari. Akaushusha.

"Karatasi ni yake, na mlango ni wake," alisema Mshauri. "Atafungua akitaka. Alichokiomba ni jibu."

King'ora aliinua kile kiti kilichoanguka, akakifuta kwa mkono. "Andika, kijana. Mimi nitakukalia mlangoni asipite mtu."

Na kweli jamaa mnene yule alisimama mlangoni kama askari wa benki, mikono nyuma, mpaka Waya alipomaliza. Mistari ilikuwa michache.

"Nimekaa karibu na mlango," aliandika. "Mguu wa kushoto unauma. Nje kimya. Mfu hachechemei. Ninayechechemea ni mimi. Mkono wangu ulidhani mlango wako ni reli. Niligonga, nikasubiri unijibu, na uliponijibu nikakimbia kwa sababu nilidhani wewe ni yeye. Nilidhani umenikata. Sikujua kuwa umekaa ndani unaniogopa. Ukisema nisije, sitakuja. Ukisema nije, niambie nije vipi."

Alisoma mara moja, akampa Mshauri kabla hajabadilisha mawazo. Mambo haya yote hakuwahi kuyatamka kwa kinywa. Yalikuwa yamekaa kooni kama mfupa, na sasa yalikuwa kwenye karatasi, mwandiko umepinda, lakini yamesimama.

*

Wiki ile bomba la bafuni kwake halikugonga hata mara moja. Alikaa akilisikiliza, taulo begani, maji yakipoa kwenye ndoo. Ukimya huo ulimtisha kuliko kelele. Alijiambia ni hewa, imetoka. Kisha akajiuliza imetoka kwenda wapi.

Alhamisi Mshauri alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kibiriti. Ilikuwa na mstari mmoja. "Mwambie aje Jumamosi," alisoma. "Asigonge."

*

Alifika jua likiwa bado liko juu. Mtaa ulikuwa uleule: ukuta wenye rangi iliyobanduka, kamba ya nguo, paka aliyelala juu ya pipa. Ndani cherehani ilikuwa inanguruma. Waya alisimama hatua chache kutoka mlangoni na kugundua kwamba hawezi.

Kugonga ni rahisi. Kuita ndiko kulikomshinda. Tangu siku ile shimoni hajawahi kupaza sauti. Kule aliita kwa nguvu zake zote, akamwita mtu anayempenda, na gizani hakukuwa na sauti iliyomwitikia. Kilichoitika kilikuwa chuma. Vipi akiita sasa, na kinachojibu kisiwe dada?

Cherehani ilisimama. Bila shaka alikuwa amesikia mguu unaoburuta. Mlango ulikaa pale, ubao wa kahawia wenye kitasa cha shaba, na nyuma yake alijua kuna mtu amesimama, ameshika kitambaa, anasubiri. Mkono wa Waya ulianza kupanda wenyewe. Aliuangalia ukipanda, kama wa mtu mwingine. Vidole vilikuwa vimeshajikunja.

Aliukamata kwa mkono wa pili, akausukumia mfukoni na kuushikilia humo kama mwizi. Akakanyaga ardhi kwa miguu yote miwili. Paka. Pipa. Kamba ya nguo.

"Dada!" Sauti ilitoka mbovu, imechanika katikati. Paka akainua kichwa. "Dada, ni mimi! Kuna chakula?"

Kimya.

Kisha sauti ya komeo. Mlango ulifunguka kidogo, likaonekana jicho moja, kisha uso mzima, umekonda, sindano imechomekwa kwenye kola ya gauni. Dada yake alimwangalia kuanzia kichwani, akashuka taratibu mpaka kwenye buti la kushoto. Akalikazia macho.

"Mjinga wewe," alisema. "Mjinga mkubwa. Kila Jumamosi unaniua, halafu unauliza chakula?"

"Nisamehe, dada."

"Ingia kabla sijakupiga na kiatu."

Hakumpiga. Alimshika shingoni, akamvuta, akamkumbatia palepale kizingitini.

Walikaa kwenye chumba cha mbele, kati ya marundo ya sare za shule zisizo na vifungo. Dada alimpa chai na mkate uliobaki asubuhi. Waya alikula kila kitu.

"Nilidhani hutaki kuniona," alisema. "Siku ile ya mazishi uligeuka ukaniacha."

"Uliniambia aligonga. Daktari anasema alikufa palepale, wewe unasema aligonga. Sasa mimi nishike lipi? Nikawaza, basi hajapumzika. Basi atakuja. Na wiki ileile mlango ukagongwa." Alikata uzi kwa meno. "Tuache hilo la mlango, nimelielewa. Kule shimoni, ni nani aliyekuwa anagonga?"

Waya angeweza kusema ni chuma kilikuwa kinapoa. Angeweza kusema ni akili yake. Lakini alikuwa ameshaandika ukweli mara moja, na alikuwa ameonja ulivyo.

"Sijui, dada. Nilisikia. Nilijibu. Bila hiyo sauti ningelala, na ningelala nisingeamka. Zaidi ya hapo sijui."

Dada alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa nguo isiyo saizi yake na ameamua kuivaa hivyohivyo. "Basi tutakaa na hilo la kutojua," alisema. "Wawili ni afadhali." Akachukua sare nyingine, akatafuta kifungo. "Ila Jumatano ulinikasirisha. Niliandika uje Jumamosi. Nikaandika usigonge. Ukaja Jumatano, ukagonga."

Waya aliweka kikombe chini.

"Jumatano gani?"

"Hii iliyopita. Jioni, wakati aliokuwa akirudi marehemu kutoka kazini."

"Jumatano nilikuwa karakana, dada, napaka grisi mpaka giza. Muulize msimamizi."

Kifungo kilimponyoka dada yake, kikaviringika sakafuni, kikaenda kusimama karibu na mlango. Wote wawili walikifuata kwa macho. Hakuna aliyeinuka kukiokota.

"Ulisikia viatu?" Waya aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Hapana," alisema dada. "Safari hii sikusikia viatu."

Nje mtu alipita akiimba, sauti ikafifia. Waya alikumbuka bomba la bafuni lililonyamaza wiki nzima.

"Unaogopa?" dada aliuliza.

"Sana."

"Shemeji yako huyo. Alikuwa anakupa nusu ya nyama yake. Unamwogopa nini?" Alitaka kucheka, na kidogo kicheko kilikuja, chembamba, cha kwanza baada ya muda mrefu. Lakini mkono wake ulikuwa umeushika mkono wa Waya juu ya meza, ule uliofundishwa kugonga, na ulikuwa umeubana kwa nguvu.

Waya aliuacha mkono wake hapo.

"Nisikilize, dada," alisema, na alisema kwa sauti kubwa, ya kujaza chumba, ya kusikika hata na aliye upande wa pili wa mlango kama yupo. "Mimi sitagonga tena mlango huu maisha yangu yote. Nikija nitakuita toka kule kona, mtaa mzima usikie, wanicheke wakitaka. Na mlango ukigongwa, na sauti yangu haipo, usikae peke yako na jiwe miguuni. Nipigie. Nitakuja, hata kwa kuchechemea, nisimame hapa karibu yako, na tutaufungua wote wawili."